Glavu Zinazongoja Mikono Yako

Mwanangu Skola,

Ninaandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, kwa sababu kila nikikaa nanyanyuka. Nimekwenda dirishani kutazama mlima, hauonekani, wingu limeshuka mpaka kwenye mashamba ya chini. Nimerudi jikoni kugusa glavu zako. Nimekwenda tena dirishani. Baba yako amesema nikiendelea hivi sakafu itatoboka, kisha akaongeza sauti ya redio yake.

Basi nimeona afadhali niandike. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Njombe, halafu Makete, kwenye zahanati uliyopangiwa, na begi lako umelifunga mwenyewe tangu juzi. Sitakufundisha kuchemsha maji wala kufunga mlango. Wewe ni mkunga uliyesomea, usafi unaujua kuliko mimi. Nitakuandikia habari ya glavu, kwa sababu ndizo zinazonihangaisha, na kwa sababu jana asubuhi tuliachana vibaya.

Ulikuwa unafunga kamba za viatu uende Mgeta, kule mlimani, kumuaga bibi yako na mjomba wako. Nikakuambia usikawie huko, glavu bado zinakungoja. Ukasema, "Mama, glavu Njombe zinauzwa." Nikasema zinazouzwa ni za plastiki tupu. Ukainua kichwa ukaniuliza, kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionichoma: "Mama, unaogopa baridi yangu au unaogopa upweke wako?" Ukachukua sukari na kanga ya bibi, maana mkono mtupu haulambwi, ukaondoka. Nilikwenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Sasa nisikilize, nianze mbali kidogo.

Nilipoolewa, baba yako alikuwa anaendesha lori la mboga, na usiku mlimani baridi ilimtesa. Siku moja akarudi na sweta ya mtumba, ya kijivu, nzito, sufu halisi ya kondoo. Alijiona bwana harusi upya. Nami nikafanya lile ambalo kila mke wa hapa analifanya na nguo ya mtumba, maana hujui aliyeivaa kabla yako alikuwa na nini mwilini: nikaichemsha. Niliweka sufuria kubwa jikoni, nikakwangulia sabuni ya mche, nikatumbukiza sweta, nikawa naisonga kwa mwiko kama ugali. Nilitaka aione safi.

Ilitoka inamtosha mtoto wa chekechea. Baba yako aliijaribu, kichwa kikapita, mabega yakagoma, akabaki katikati ya chumba mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Jioni, tunakula, akasema, "Angalau chawa wa Ulaya wote wamekufa." Nikajua ndoa yangu itadumu.

Niliificha ile sweta uvunguni kwa aibu. Bibi yako aliposhuka mjini akaikuta, akaipapasa, akaiweka mdomoni akapuliza. Pumzi haikupita. Akaniuliza, "Umeifanyaje hii?" Nikamwambia nimeiharibu. Akasema, "Hujaiharibu. Umeifunga milango." Wewe ulikuwa tumboni. Akaikata, akashona kiblanketi na soksi, na ndivyo vilivyokufunika Mgeta miezi yako ya kwanza. Kwa hiyo ufundi huu wa kusinyaza sufu sikuupata kwa masista wa misheni. Wao walinifundisha kufuma tu. Huu mwingine niliupata kwa hasara.

Nimetoka kidogo kutazama barabara. Hakuna gari. Narudi.

Ulizaliwa mwezi wa saba, kule juu kwa bibi yako, kwenye zahanati ya misheni. Mkunga alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye kusemasema. Mimi nalia uchungu, yeye ameinama kwenye jiko la mkaa anaota moto. Nikamfokea kwamba nakufa naye anaota moto. Akaniambia bila kugeuka, "Tulia mama. Mtoto asianze dunia na baridi ya mkono wangu." Ndipo akaja akakupokea. Hukulia kwa nguvu, ulitoa kama malalamiko tu, halafu ukanyamaza. Nilikuhadithia habari hii ulipokuwa mdogo, na siku uliposema unataka kuwa mkunga nilijua nimejiletea mwenyewe.

Lakini mikono yako, Skola. Unakumbuka ulipokuwa unasoma kule kwa bibi? Asubuhi za kipupwe vidole vyako vilikuwa vinaisha damu, vinakuwa vyeupe mpaka kwenye kifundo cha pili, hushiki kalamu, hufungi kifungo cha sare. Nilikuwa nikija nakutia mikono kwapani mwangu mpaka irudi rangi, nawe unalia kwa sababu kurudi kwa damu kunauma kuliko kuondoka kwake. Daktari akasema si ugonjwa wa kutisha, ni mikono isiyopenda baridi, itunzwe tu. Ndiyo hiyo unayoipeleka Makete, ambako mwezi wa sita, wanasema, sakitu inalala nyeupe juu ya majani mpaka jua lipande. Utaamshwa na kuitwa kabla hakujakucha. Utatembea kutoka nyumbani kwako hadi zahanati. Na mtu atakuwa kitandani anakungoja wewe na mikono yako.

Ndiyo maana nilikwenda gulioni na kiberiti. Baba yako alikusimulia kwa kunicheka, sasa nikueleze kwa nini. Sweta za siku hizi nyingi ni uzi wa plastiki, unaweza kuzichemsha mwaka mzima zisisinyae hata kidogo. Namna ya kujua ni kuchomoa uzi mmoja ukauchoma. Plastiki inayeyuka, inakuwa kidonge kigumu. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye rundo la mitumba, nachoma nanusa, nachoma nanusa, mpaka yule kijana muuzaji akaja juu: "Mama, unataka kunichomea biashara?" Nikamwambia nachoma uzi tu, mwanangu anakwenda kwenye baridi. Akaniangalia, akaingia chini ya meza akatoa sweta ya bluu iliyoliwa na nondo mabegani. Akasema hii haina mnunuzi, jaribu. Ilinuka nywele. Nikambariki.

Niliifumua yote, nikaufua uzi, nikauzungusha kuwa madonge. Nikatoa zile sindano zangu za spoku za baiskeli. Nikafuma zile glavu ambazo vidole vinne vinalala chumba kimoja na gumba linalala peke yake, maana vidole vikiwa pamoja vinapeana joto. Unafuma kubwa kupita kiasi kwa sababu zitasinyaa. Baba yako alizikuta juu ya kochi akauliza kama nimeanza kufumia viboko wa Kisaki.

Halafu nikaziharibu.

Hili ndilo nilitaka kufika. Maji ya moto, sabuni, nikazisugua juu ya kipande cha jamvi, huku na huku. Mwanzo sufu inalegea, inakuwa kama matambara, unakata tamaa. Kisha ghafla inaanza kushikana. Vitanzi vinapotea, huvioni tena kimoja kimoja. Nilifika mahali nikaona: hapa ndipo. Zilikuwa nzuri, Skola. Ningetoa mikono kwenye maji wakati ule, leo ningekuwa nimekaa. Lakini nikafikiria upepo wa huko, nikasema kidogo tena. Nikafikiria umbali wa kutoka kwako hadi zahanati, nikasema kidogo tena. Niliposuuza, zilikuwa za mtoto mchanga, ngumu kama kiatu. Nikavuta, nikavuta, ikachanika moja penye gumba. Sufu ikishasinyaa hairudi. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Nilikaa chini pale pale uani nikalia. Jirani akadhani kuna msiba.

Huo ndio mkono wangu, na wewe unaujua. Ulipopata nafasi kwenye chuo cha kusini, mimi sikukukataza. Ningekukataza mimi tungegombana, ungeshinda. Nilifanya kama wanavyofanya kwetu: nilipanda Mgeta, nikamkuta kaka yangu Bonifasi kwenye njegere zake, nikamwambia, "Sema wewe." Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba halirudishwi. Akasema. Ukatii. Ukasoma hapa hapa mjini, ukawa unarudi Kilakala kila Ijumaa na nguo zako za kufua, nami nikawa nakupikia maharage ya nazi, nikifurahi. Sitadanganya, nilifurahi sana. Bonifasi mwenyewe alikuambia baadaye. Tukiwa tunapukuchua mahindi mwaka jana ukalitaja, ukacheka, ukaendelea kupukuchua. Kicheko kile mimi sijakielewa mpaka leo. Ningeomba siku moja unieleze, hata kama kinauma.

Nimesikia gari, nikatoka mbio na kalamu mkononi. Lilikuwa la mkaa.

Jozi ya pili nayo ni kichekesho. Nilijiambia safari hii sitasugua nikiwaza, nitazivaa mimi mwenyewe zikiwa mbichi, nisugue mkono kwa mkono mpaka zikae sawa, kwa sababu mikono yetu ni ile ile. Miaka yote tangu uzaliwe nimekuwa nikiwaambia watu, huyu ana mikono yangu. Zikatoka safi kabisa, zimenikaa kama nilizaliwa nazo. Ulipozijaribu juzi, ncha za vidole vyako zilikunjwa. Ukasema, "Zinatosha, Mama," kwa adabu. Hazitoshi. Una vidole virefu, vya upande wa baba yako. Nilivitazama vikiwa vimejikunja mle ndani nikajiuliza nilikuwa naangalia nini siku zote hizi.

Jozi ya tatu ndiyo iliyoko jikoni, kwenye mfuko wa nailoni, ina unyevu bado. Nimeisugua nusu ya safari nikaacha. Sehemu iliyobaki haifanyiki bila wewe. Lazima uvae, maji ya moto, sabuni, tusugue zikiwa mikononi mwako, zisinyae mpaka zikufuate wewe. Zikikauka kabla hujaja zitabaki matambara. Kwa hiyo kila mara nazinyunyizia maji, na birika liko motoni tangu saa nane. Baba yako ameuliza, "Mama Skola, huo ni mchuzi gani usioiva?"

Sasa nikueleze kilichotokea muda si mrefu, kabla sijachukua karatasi hii.

Simu ililia. Bonifasi. Nikajua kabla sijapokea, kwa sababu tangu jana nilikuwa nimeishika simu hii natafuta jina lake na kuliacha, natafuta na kuliacha. Naapa sikumpigia. Alipiga yeye.

"Dada, huku mvua imeshika," akasema. "Barabara ni tope. Mtoto amefunga mzigo anataka kushuka na Fuso la kabichi. Mimi naona alale, ashuke kesho."

Nikamwambia, "Basi lake ni kesho alfajiri, kaka."

"Najua. Si atapanda la siku nyingine?"

"Kesho kutwa ndiyo siku yake ya mwisho kuripoti kazini."

Nilisikia mvua kwenye bati lake. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayekuwekea chakula mbele: "Ndiyo nakuuliza. Neno langu ni neno lako, kama safari ile. Nimwambieje?"

Skola, mwanangu, sikupanga hili. Mvua sikuileta mimi. Ningesema "alale," nani angenilaumu? Ningekuwa mama mwenye busara anayeogopea tope. Ungekosa siku ya kuripoti, nafasi ingekwenda kwa mwingine, ungerudi hapa, na hata wewe usingejua. Nilifungua mdomo na neno lilikuwepo, limekaa tayari kwenye ulimi. Nikatazama ule mfuko wa nailoni.

Nikamuuliza, "Dereva ni nani?"

Akamtaja. Ni mtu mzima, alifunzwa kazi na baba yako, amepita barabara ile tangu haijawekwa kifusi.

Nikasema, "Mpe baraka zako, kaka. Mwache ashuke."

Bonifasi akacheka kwa mshangao, akasema, "Haya. Leo umekua." Mdogo wangu yule ninayemwita kaka kwa heshima ya ujomba, niliyembeba mgongoni.

Tangu hapo sijakaa. Ukitaka kujua kwa nini barua hii ina maandishi ya kuku, ndiyo hiyo. Nimekuachia ushuke kwenye tope kwa mdomo wangu mwenyewe, na sasa kila kona ya ile barabara naipita kichwani. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wanasema. Hawakusema asiyechelea naye analia.

Jibu la swali lako nalo ni hili. Ni upweke wangu. Baridi yako naiogopa kweli, lakini ningekuwa naogopa baridi peke yake ningekununulia za Njombe. Sitaki uende. Nataka uende. Vyote viwili vimo ndani yangu kama majogoo kwenye tenga moja, na kelele zao ndizo hizi unazozisoma. Usijaribu kuniamulia, vitaamuana vyenyewe.

Huko utafanya kazi za watu wenye maumivu, na utakuwa na wasiwasi nao, maana wewe ni mwanangu. Siku utakapomwangalia mama kitandani ukataka kumfanyia kidogo tena, na kidogo tena, kumbuka glavu za kwanza. Mwulize yeye. Mimi nimechelewa sana kujua kwamba kuna kitu hakiwezi kupimwa na anayesugua. Zile ndogo zilizoharibika nimezitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, ile iliyochanika nimeishona. Mtoto atakayezaliwa asubuhi ya sakitu na mama yake hakuja na kitu, mvalishe. Za pili nimezichukua mimi. Hapa Morogoro nitazivalia wapi, sijui. Nitaziweka chini ya mto.

Imeanza kuwa giza. Taa za barabarani zimewaka. Baba yako amezima redio, hajaniambia kwa nini, amekwenda kusimama getini amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Kumbe na yeye.

Nasikia mtu anaamkia huko nje. "Shikamoo baba." Ni sauti yako. Umelowa, najua umelowa. Naacha kalamu. Maji yana moto.

*

Nimerudi kumalizia, wewe umekwenda kuoga.

Ulinuka kabichi na moshi wa kwa bibi. Ulikaa kwenye kigoda, ukanyoosha mikono yote miwili kama ulipokuwa mdogo ukitaka nikuvalishe. Nikakuvalisha. Nikamwaga maji, nikapaka sabuni, nikaanza kusugua, nawe ukawa unaniangalia usoni badala ya kuangalia glavu. Ukasema, "Mjomba kaniambia ulivyosema." Nilikuwa na sabuni mpaka viwikoni. Ukasema tena, "Mama, siku ile ya mahindi nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeshakasirika mpaka hasira ikaisha." Nikaendelea kusugua kwa sababu sikujua pa kuweka macho.

Sufu ikashika. Niliisikia ikishika, chini yake nikasikia vidole vyako virefu, kimoja kimoja, vina joto. Mimi ningeendelea. Ukasema, "Basi, Mama. Hapo hapo."

Zina nafasi kidogo kwenye ncha. Hazijakauka, utasafiri nazo zimening'inia nje ya begi, na watu wa kwenye basi watakucheka. Nilikuambia upepo utaingia, tuongeze kidogo. Ukasema ndivyo unavyozitaka.

Nimeacha.

Mama yako